Mashine, Maajabu na Mwamuzi: Kutoka Meza ya Mchezo hadi Butembo na Beni

Makala haya yanakusudia kuchunguza suala ambalo kwa mtazamo wa kwanza huonekana kuwa la burudani tu, yaani jinsi mashine za wakati ujao zinavyochanganywa na uganga na uchawi katika michezo ya uigizaji inayochezwa mezani. Michezo hiyo ilizaliwa mbali na hapa. Hata hivyo, swali lililowakabili waliyoibuni, la nani atoe hukumu pale mashine na maajabu vinapokutana, ni swali ambalo watu wa Beni na Butembo wameishi nalo kwa zaidi ya nusu karne, na wala si mezani. Tutaanza na meza kwa kuwa hapo mambo ni wazi zaidi, kisha turudi nyumbani.

Mchezo wa namna hii hauna mashimo na kete kama bao. Watu wachache huketi kuizunguka meza. Kila mmoja huchukua nafsi ya mhusika, awe askari, mganga au mwizi, na husema kwa kinywa chake mhusika huyo anatenda nini. Mmoja wao hachukui mhusika. Huyo ndiye anayeusimulia ulimwengu, anayewasemea maadui, na anayeamua, kwa kufuata kanuni zilizoandikwa na kwa kurusha dadu, kama tendo limefaulu au limeshindikana. Tutamwita mwamuzi. Cheo chake hakikubuniwa na wapenda ngano. Kilitoka katika mchezo wa kivita ambao Georg von Reisswitz aliutoa mwaka 1824 kwa ajili ya kuwafunza maofisa wa jeshi la Prussia: pande mbili zilitoa amri, na mwamuzi akakokotoa hasara kwa majedwali na dadu. Msomaji alikumbuke jeshi hilo, maana tutakutana na warithi wake kusini mwa Rufiji.

Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha Dungeons & Dragons mwaka 1974 katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, nakala za kwanza zikiwa 1,000 tu. Ulimwengu wao ulikuwa wa mapanga, ngome na mazimwi. Lakini mashine ziliingia mapema mno. Katika kitabu cha nyongeza cha mwaka 1975, Arneson aliweka hekalu linalotawaliwa na mtu aliyetoka ulimwengu mwingine, ambaye miujiza yake ni vifaa vya kiufundi. Mwaka uliofuata, Gygax aliandaa shindano ambamo mashujaa wenye panga na uganga wanakuta pango milimani. Kumbe si pango, bali ni chombo cha angani kilichoanguka. Safari hiyo ilichapishwa mwaka 1980. Ndani yake mna roboti na bunduki za leza, na mna pia kitu kinachostahili kutazamwa na kila mwanafunzi wa isimu: michoro yenye mishale na hatua, inayomwonyesha mwamuzi jinsi mtu asiyejua bunduki anavyoweza kuielewa. Mchezaji hurusha dadu. Akibahatika husonga hatua moja mbele, asipobahatika hurudi nyuma, au hujipiga mwenyewe. Haambiwi kwamba anachokishika ni bunduki. Anaelezwa umbo lake tu, na jina hulitafuta mwenyewe.

Wapo wapenzi wa michezo hii waliochukizwa na mchanganyiko huo, wakisema kwamba leza inaua ladha ya ngano. Kwa maoni yetu walikosea mahali pa kulalamikia. M. A. R. Barker, aliyekuwa mwalimu wa lugha za Asia ya Kusini katika Chuo Kikuu cha Minnesota, alikuwa ameonyesha mwaka 1975, katika mchezo wake Empire of the Petal Throne, kwamba vitu hivi viwili vinaweza kuwa kimoja. Walimwengu wake ni wajukuu wa watu waliofika kwa vyombo vya angani. Ufundi umesahaulika, vikabaki vifaa vidogo vyenye umbo la jicho, ambavyo wenyeji huvitumia kama hirizi bila kujua vilivyoundwa. Barker aliwatungia watu hao lugha nzima, yenye sarufi na mwandiko. (Mwaka 2022 wasimamizi wa urithi wake walikiri kwamba ndiye pia aliyeandika, kwa jina la kubuni, riwaya ya mwaka 1991 yenye itikadi ya Kinazi. Ni vema anayekutana na jina lake ajue.) Halafu mwaka 1989 mchezo uitwao Shadowrun ulitoa jibu jingine, kali zaidi: kila mhusika huanza na kipimo cha uhai chenye thamani ya 6, na kila mashine anayopandikiza mwilini hukipunguza kipimo hicho; kadiri kinavyopungua, ndivyo uganga wake unavyofifia. Mashine na maajabu vimo katika mwili mmoja, lakini vinagombania nafasi ile ile.

Majibu haya yanatofautiana sana. Kinachoyaunganisha ni kwamba kanuni ilitajwa kabla ya risasi ya kwanza. Ni kweli kwamba waamuzi wengi hurusha dadu nyuma ya kizuizi cha karatasi, wachezaji wasione. Lakini kitabu cha kanuni kinauzwa kwa yeyote, na mchezaji asiyeridhika anaweza kuinuka na kwenda zake. Haki hii ya kuinuka mezani ni ndogo, wala hakuna anayeiandika katika kanuni. Tutaona inavyokuwa pale isipokuwapo.

Kabla ya kuondoka mezani, tuseme neno juu ya Kiswahili chenyewe, kwani lugha yetu haikuwahi kuweka ukuta mrefu kati ya pande hizi mbili. *Ndege* alikuwa kiumbe wa angani na pia ishara ya heri au shari, kabla ya kuwa chombo chenye injini. Na hata leo msafiri anaweza kusema amepata ndege mbaya bila kuwa ameona kiwanja cha ndege. *Umeme* ulikuwa wa mawinguni kabla ya kuwa wa nyaya. *Mtambo*, ambao sasa hutukumbusha kiwanda, uliwahi kuwa kifyatulio cha bunduki. Na *dawa* ni neno lisilokubali kufungwa: dawa ya malaria, dawa ya meno, dawa ya mbu, dawa ya mapenzi, dawa ya risasi. Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji kuamua kama jambo ni la kemia au la mizimu ndipo alitaje. Baadhi ya wageni wameona hapa mkanganyiko wa fikra. Sisi tunaona uchumi wa maneno: *dawa* ni kitu kinacholeta badiliko katika mwili au katika mambo, na kwa kawaida huja na masharti. Masharti ndiyo kiini cha hoja yetu.

Mwaka 1905, katika eneo la Wamatumbi na Bonde la Rufiji, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa tayari amewagawia maelfu ya watu maji yaliyosemwa kwamba yatazigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Vita vilipozuka mwezi Julai, aliyetawala koloni alikuwa Gustav Adolf von Götzen, ofisa yule yule aliyevuka Afrika na kupanda Nyiragongo mwaka 1894, kwa hiyo si mgeni kabisa kwa wasomaji wa Kivu. Maji yalikuja na miiko, miongoni mwayo kutopora na kutolala na mwanamke wakati wa vita. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Siku ishirini na sita baadaye, tarehe 30 Agosti, maelfu ya wapiganaji waliiendea boma ya Mahenge mchana kweupe, wakikabili bombomu mbili. Idadi ya waliokufa katika vita vyote, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na ghala kuchomwa, hukadiriwa na wanahistoria kuwa kati ya 200,000 na 300,000. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake ya mwaka 1969, aliona kwamba mtu wa kutazamwa hapa si mpiganaji bali ni mgawa maji: afanye nini mwamuzi anayejua kwamba kanuni aliyoitangaza haitafanya kazi, huku watu wakiwa wamekwisha kuungana kwa sababu yake?

Tuzingatie kwamba maji hayakuwa kinyume cha bunduki. Wapiganaji walizitaka bunduki na walizitumia walipozipata. Maji yalikuwa kanuni iliyowekwa juu ya bunduki, kama vile kipimo cha uhai cha Shadowrun kilivyo kanuni iliyowekwa juu ya mashine. Yalidai kusema risasi itafanya nini, kwa nani, na kwa sharti gani.

Miaka sitini baadaye kanuni hiyo ilitokea kwetu. Mwaka 1964 waasi waliojiita Simba waliiteka sehemu kubwa ya mashariki ya Kongo. Kisangani, iliyoitwa Stanleyville wakati huo, ilianguka mwanzoni mwa Agosti, nao walifika hadi Lubero, Butembo na Beni. Ukelele wao ulikuwa *Mayi Mulele*, kwa jina la Pierre Mulele, ambaye alikuwa akipigana mbali, huko Kwilu. Upande wa pili kulikuwa na ndege za kivita, mamluki, na hatimaye, tarehe 24 Novemba, askari wa miavuli wa Ubelgiji walioshushwa na ndege za Marekani. Ernesto Che Guevara alipoingia Kongo kwa kupitia Ziwa Tanganyika mwezi Aprili 1965, alikuta dawa katika kila mazungumzo. Kiongozi mmoja alimwambia kwa furaha kwamba ndege si kitu, kwa kuwa wao wanayo dawa. Guevara, ambaye alikuwa daktari kwa elimu yake, aliandika masharti yake: mpiganaji asichukue kisicho chake, asiguse mwanamke, wala asiogope. Akaona mara moja mahali palipo na kasoro. Mtu akiuawa, ina maana aliogopa, au aliiba, au aliguse asichopaswa kukigusa. Na yeye pekee angeweza kukanusha, lakini amekufa.

Hapa ndipo tofauti na meza inapojitokeza. Katika mchezo dadu hurushwa kabla, na hukumu hufuata. Katika dawa ya risasi hukumu hurudi nyuma na kuitafuta sababu katika mwenendo wa maiti. Hakuna namna yoyote ya kanuni hiyo kushindwa.

Makundi ya Mayi-Mayi yaliposikika katika maeneo ya Beni na Lubero mwanzoni mwa miaka ya 1990, na zaidi baada ya vita vya mwaka 1996, yaliirithi kanuni hii karibu nzima, hata jina lake, kwa matamshi yetu ya *mayi* badala ya *maji*. Miiko ilitofautiana kundi kwa kundi: wengine hawakula sombe, wengine hawakupeana mkono na mtu asiyenyunyiziwa. Aliyeandaa maji aliitwa dokta. Neno hilo halikuwa la dhihaka, na lisichukuliwe kuwa la bahati nasibu. Dokta wa hospitali na dokta wa mayi wote walikuwa na chupa, walikuwa na masharti ya kabla na ya baada, na wote wawili walikuwa na maelezo pale mgonjwa asipopona. Vijana wengi walioingia msituni walikuwa wamepita shule. Walijua bunduki ni nini na inatokea wapi. Wanaosema kwamba walikwenda kwa ujinga hawajajiuliza kijana asiye na fulana ya kuzuia risasi, asiye na mshahara wala daktari wa jeshi, angevaa nini kingine.

Lakini gharama haikulipwa na walioketi mezani peke yao. Mapema mwaka 1998 Mayi-Mayi waliishambulia kambi ya kijeshi ya Kikyo, hapa Butembo. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 inaeleza mauaji ya raia yaliyofuata mikononi mwa askari. Waliouawa hawakuwa wamenyunyiziwa chochote, hawakuwa wamekubali mwiko wowote, na hawakuwa na mahali pa kwenda. Mchezaji wa Lake Geneva aliyechoshwa na mwamuzi wake alivaa koti akarudi kwao. Mkazi wa Butembo alikuwa kwao tayari.

Tunafika sasa kwenye sura ambayo wasomaji wetu wengi waliishi ndani yake. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza kwamba ugonjwa wa Ebola umezuka, kitovu kikiwa Mangina, katika eneo la Beni. Ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, walikuwa wameugua watu 3,470 na kufariki 2,287, wengi katika Beni, Mabalako, Katwa na Butembo. Vyombo vilivyoletwa vingeweza kutoka katika kile chombo cha angani cha Gygax: watu waliofunikwa kuanzia unyayo hadi utosi, kipima joto chenye umbo la bastola kinachoelekezwa kwenye paji la uso, chanjo iliyohifadhiwa katika baridi ya nyuzi sitini chini ya sifuri katika nchi iliyokosa umeme wa kutosha hata kwa taa. Na pamoja na vyombo kulikuja masharti. Nawa kwa maji yenye klorini kwenye kizuizi cha barabara. Usipeane mkono. Usiguse maiti. Mwandishi wa makala haya alinawa maji hayo mara nyingi kati ya Butembo na Beni, na hakuhitaji elimu ya isimu kuisikia miiko ya zamani ikisemwa upya.

Tusieleweke vibaya. Klorini huua virusi, na maji ya dokta wa msituni hayasimamishi risasi. Tofauti hiyo ni ya uhai na mauti, na anayeificha kwa jina la kuheshimu utamaduni hafanyi utafiti. Swali letu ni jingine: mtu aliyesimama kwenye kizuizi angeijuaje tofauti hiyo? Aliambiwa kanuni, hakuonyeshwa dadu. Mgonjwa alichukuliwa akiwa hai, akaingia nyuma ya uzio, na mara nyingi akarudi ndani ya mfuko. Hukumu ilitolewa na maabara, kwa karatasi, baada ya tukio. Kwa watu waliokuwa wamezikwa na hukumu za namna hiyo tangu 1964, na ambao tangu Oktoba 2014 walikuwa wakiuawa kwa mapanga usiku karibu na Beni bila kuelezwa ipasavyo na nani na kwa nini, kutoamini hakukuwa ushirikina. Kulikuwa na matunda machungu mno, hata hivyo. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili mwaka huo Daktari Richard Mouzoko, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko kutoka Kameruni, aliuawa kwa risasi katika hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo.

Kifaa kimoja kilichotumika Beni kinastahili kukumbukwa kuliko vingine. Shirika la ALIMA lilileta chumba cha mgonjwa chenye kuta za plastiki zinazopenya mwanga, na mikono ya mpira iliyoshonwa ukutani ili muuguzi aweze kumhudumia mgonjwa akiwa nje. Kwa mwonekano ndicho kilichokuwa cha ajabu kuliko vyote. Lakini mama aliweza kusimama nje na kumwona mwanawe akipewa maji ya mshipani, akila, akijigeuza, au akifa. Kizuizi cha karatasi kiliondolewa mbele ya dadu.

Mwezi Desemba 2018, ugonjwa ukiwa bado unaenea, nchi ilikuwa ikienda kwenye uchaguzi kwa mashine za kupigia kura zilizotoka Korea Kusini, ambazo wapinzani walizipa jina la mashine za kuiba kwa kubadili herufi moja tu katika neno la Kifaransa. Tarehe 26 Desemba, siku nne kabla ya kura, tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura hadi Machi, kwa sababu ya Ebola na usalama. Rais mpya aliapishwa tarehe 24 Januari 2019. Kanuni ilikuwa imebadilishwa katikati ya mchezo, na kisingizio kilikuwa ni ule ugonjwa ambao watu walikuwa wakisihiwa kuuamini.

Jumapili ya tarehe 30 Desemba wakazi wa Beni waliandaa kura yao wenyewe. Ilikuwa ya kuigiza, na kila mtu alijua hivyo. Hapakuwa na mashine. Walijipanga foleni, wakanawa mikono kwa maji mmoja baada ya mwingine, kwa ile ile kanuni iliyotajwa kuwa sababu ya kuwazuia, kisha kila mmoja akatumbukiza karatasi yake ndani ya sanduku. Karatasi hizo hazikuingia katika hesabu yoyote ya taifa.